Springi Niliyoposea

Baba mkwe wangu hakutaka ng'ombe. Kwao, upande wa Ugalla, ng'ombe asingemaliza mwezi kabla mbung'o hawajammaliza, na mzee hakuwa mtu wa kupokea mali ya kuzika. Hakutaka pia nimlimie, kama wakwe wengine walivyolimishwa siku hizo, kwa sababu aliwahi kuniona nikishika jembe akaondoka bila kuaga. Alichotaka ni springi ya kisu.

Nieleze vizuri, maana vijana nikiwasimulia hutazamana kama watu wanaopanga nani atanipeleka hospitali.

Katika miaka ya hamsini, reli ikiwa bado ngeni Mpanda na mgodi wa madini ya risasi umejaa watu kutoka kila upande, nilitoka kwetu Kakese nikaweka meza chini ya kibaraza cha bati karibu na stesheni. Nilitengeneza baiskeli, cherehani, saa za mezani na chochote kilichokuwa na skrubu. Lakini sifa yangu hasa ilikuwa visu vya kukunja. Kila mwanamume wa mjini alikuwa nacho mfukoni. Walikatia miwa, tumbaku na kucha, na mara mojamoja walikatana wao kwa wao. Vyote hivyo vikiharibika vililetwa kwangu, nami nikawa na kiburi kibaya sana, kile cha mtu anayejua jambo moja tu.

Siku moja msichana aliyekuja mjini kuuza nta aliniwekea mezani kisu cha baba yake. Akageuza debe lake, akalikalia, akanitazama nikikifungua. Baada ya muda akauliza, "Kazi hii uliianza lini? Jana?"

Nilimpenda palepale. Kisu chenyewe nilikitengeneza hovyo, kwa sababu macho yangu hayakuwa kwenye kisu.

Kilikuwa kisu cha kijeshi, mpini chuma kitupu. Mzee alirudi nacho kutoka Abisinia, alikokwenda kupigana vita ambayo mpaka anakufa hakuweza kutueleza ilihusu nini. Kilikuwa cha kujifunga. Ukikikunjua, kijipande cha chuma kilichopo mgongoni mwa mpini kinazama kwenye pengo la bapa, ta! Hapo bapa halirudi mpaka ukibonyeze kijipande hicho kwa makusudi. Kinachokikandamiza kisiinuke ni springi nyembamba iliyofichwa ndani ya mpini. Springi ikilegea, bapa linaweza kukufungia vidole wakati wowote linapojisikia.

Kwa mtu wa mjini hiyo ni kero. Mzee alikuwa mrina asali. Alipanda miti mirefu penye mizinga yake ya magome, mkono mmoja kwenye kamba, mkono wa pili ndani ya mzinga akikata masega asiyoyaona, nyuki wakimshughulikia shingoni. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa tayari kimebaki nusu. Nusu ya pili, kwa jinsi alivyosimulia, ilishuka mtini kabla yake.

Nilipokwenda kuposa nilifuatana na mjomba wangu, mshenga. Mkwe mtarajiwa hakuzungumza na baba wa binti moja kwa moja. Ilikuwa utovu wa adabu. Maneno yote yalipita kwa mshenga, hata kama nyote mko ndani ya chumba kimoja, na sisi tulikuwa ndani ya chumba kimoja, magoti yetu yakikaribia kugusana. Ukutani ulining'inia mwavuli mweusi wa mzee, alioununua Tabora, ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuushika. Ulitoka Jumapili tu, mvua iwepo isiwepo.

"Mwambie huyo fundi wako," mzee alimwambia mjomba, "sitaki kitu chake. Aniwekee springi kwenye kisu changu. Ikidumu msimu mzima wa asali, binti ni wake. Isipodumu, aweke nyingine, na msimu ukimshinda aanze upya unaofuata."

Mjomba akanigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mzee mwenzangu."

"Nimesikia kwamba amesikia," alisema mzee.

Nilitoka pale nikicheka moyoni. Msimu mmoja! Mimi ambaye nilikuwa naweka springi kabla chai haijapoa. Nilimwambia mjomba aanze kutafuta suti.

Springi ya kwanza niliikata kwenye kamani ya saa ya mezani iliyokufa, ule utepe wa chuma unaojazwa kwa ufunguo. Ilidumu wiki tatu. Kisu kikarudishwa mjini na binti, na mkononi mwa baba yake, akasema, kuna jeraha jipya. Jambo hilo lilimchekesha yeye kuliko lilivyonichekesha mimi. Ya pili niliichonga kwenye kipande cha msumeno wa chuma kutoka mgodini, chuma kigumu kisicho na mzaha. Hiyo haikumaliza hata wiki tatu. Ya tatu ilikuwa kamani ya gramafoni. Wajuaji wa mji mzima walikuja mezani kunishauri. Mmoja alisema nitumie ubavu wa mwavuli, yaani kile kijiti cha chuma kinachonyoosha kitambaa, nikamfukuza. Ubavu wa mwavuli ulikuwa springi ya mafundi wa porini, watu wanaokaza skrubu kwa meno. Mimi nilikuwa fundi wa stesheni.

Kamani ya gramafoni nayo ilirudi. Msimu wa kwanza ukawa umekufa, na mimi nikaanza kuogopa kweli. Kulikuwa na mpasua mbao mmoja, mtu mwenye baiskeli mbili, aliyekuwa amekwishapita nyumbani kwa mzee mara mbili "kusalimia". Nikiendelea kushindwa, ningempoteza yule msichana kwa mtu mwenye magurudumu manne.

Nilipoifungua ile springi ya tatu, nikaichukua juani nikaitazama sawasawa, jambo ambalo fundi asiye na kiburi angelifanya mwanzoni. Haikuwa imevunjika. Ilikuwa imelala tu, laini, ukiipinda haitaki kurudi. Na ilikuwa na rangi ya samawati. Chuma hakigeuki samawati kwa kukata asali. Chuma hugeuka samawati kwa moto.

Basi nikaomba, kupitia kwa mjomba, niende dago, yaani kambi yao ya porini, nikawabebee mizigo ya asali ya mwisho. Mzee akakubali kwa sababu madebe yalikuwa mengi. Huko dago, kwa adabu ya ukwe, nilikula peke yangu, nimewapa mgongo, kama mwizi anayesubiri polisi, na mjomba akabaki katikati akila mara mbili. Siku ya pili mzee alishuka mtini, akakaa kando ya makaa ya moshi wa nyuki. Nta ilikuwa imeganda ndani ya mpini wa kisu. Akakikunjua, akalishika bapa kwa kipande cha gome, akauchomeka mpini wote ndani ya makaa, kwa utulivu wa mtu anayechoma muhogo. Nta ikayeyuka, ikachuruzika, ikashika moto. Moto ulipozimika akakitumbukiza kisu kwenye kibuyu cha maji. Chaaa! Akakifuta na majani, akatabasamu.

Warinaji wote pale walifanya vilevile na visu vyao. Kisu cha kawaida kinachoshwa hivyo tangu babu zao na hakilalamiki. Lakini springi zangu tatu zilikuwa zimechomwa moja baada ya nyingine, kila nta ilipoganda, na mtu yuleyule aliyenihukumu kwa kufa kwazo.

Nilimvuta mjomba pembeni. "Mwambie asikiweke motoni."

"Nani, mimi?"

"Si wewe mshenga?"

"Mimi ni mshenga wa kuomba mke," alisema mjomba, "si wa kumfundisha mzee wa watu namna ya kuosha kisu chake. Atauliza nani amesema. Nitajibu mkwe wako. Atauliza mkwe ndiye anamfundisha baba mkwe siku hizi? Hapo binti atakuwa ameshapanda baiskeli."

Na alisema kweli. Kumwambia mzee amekosea, hata kwa mdomo wa mtu mwingine, kulikuwa ni kumvua nguo. Nikarudi Mpanda nimenuna. Nilihitaji springi isiyokufa kwa moto, na hakuna chuma cha namna hiyo. La sivyo nilihitaji mzee aache moto bila mtu yeyote kumwambia aache.

Chuma nilikipata kwa dobi wa nyumba za wazungu wa mgodini. Siku hizo memsabu walijifunga kiunoni nguo ya ndani yenye kamba na vipande vya chuma bapa, ili wapate kiuno ambacho Mungu aliwanyima. Mmoja wao alinenepa, nguo ikapasuka, dobi akaambiwa aitupe. Akaniletea. Nilikipinda kipande kimoja, kikarudi. Nikakipinda tena, kikarudi kwa nguvu zaidi, na kwa kweli chuma kilichomzuia mama yule miaka yote kilikuwa na haki ya kujivunia. Nikakata, nikasugua, nikakiweka kwenye kisu cha mzee. Ta! Mlio kama wa bunduki.

Ikabaki habari ya moto. Mzee alikuwa Mkatoliki wa kupindukia. Alisali kabla ya kupanda mti, akasali akiwa mtini, akasali akishuka. Katikati hapo aliwatukana nyuki tu. Basi msimu mpya ulipokaribia tulikwenda kukabidhi kisu, tukakaa chumba kilekile, magoti yaleyale.

"Mwambie baba," nilimwambia mjomba, "springi hii imetoka ndani ya saa ya misheni. Ile kubwa ya ukutani. Imekufa, padri akanipa kamani yake. Imebarikiwa. Kwa hiyo si vizuri ikae karibu na moto."

Mjomba alinitazama kwa muda mrefu. Alimjua yule dobi. Kisha akageuka akayapeleka maneno yale yote kama yalivyo, akaongeza na maji ya baraka ambayo mimi sikuyataja.

Mzee alikipokea kisu kwa mikono miwili. Akafanya ishara ya msalaba. Akakiinua, akaubusu mpini, pale pale penye kipande cha nguo ya ndani ya memsabu. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu.

Nilirudi mezani kwangu kusubiri. Sijawahi kuishi miezi mirefu namna ile. Kila msichana mwenye debe aliyetokea njia ya soko, roho ilinipasuka, nikidhani ni yeye na kisu kimerudi. Kisu hakikurudi. Wiki ya tatu ikapita, mwezi, miezi. Asali ikaanza kuingia mjini, nyeusi na nzito, na wauzaji wakaniambia mzee ni mzima na vidole vyake ni vile vile tisa na nusu.

Msimu ulipokwisha alikuja mwenyewe, siku ya Jumapili, kanzu nyeupe na mwavuli. Akasimama mbele ya meza yangu, akamtuma mtu amwite mjomba, tukasubiri sote kimya mpaka mjomba akafika, amevaa shati nyuma mbele. Ndipo mzee akakitoa kisu na kukikunjua. Ta!

"Mwambie," alisema, "amchukue."

Nililia. Nilijifanya vumbi la treni limeniingia, ingawa treni haikuwepo siku hiyo.

Alipogeuka kwenda zake niliuona mwavuli wake. Upande mmoja ulikuwa umeporomoka, kitambaa kinaning'inia begani mwake kama sikio la mbuzi. Nikamwambia mjomba amwambie kwamba naweza kumtengenezea sasa hivi.

"Mwambie ni upepo," alisema mzee. "Na mwambie asiguse mwavuli wangu."

Tulifunga ndoa mwaka uleule. Mwavuli ule alikuja nao harusini, na akaendelea nao hivyo hivyo kila Jumapili, mvua ikimlowesha bega moja. Mji mzima ulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sauti ya chini, kama adabu ya mkwe inavyotaka.

Na nilijisifu. Mungu anisamehe, nilijisifu! Hadithi ya springi ya memsabu niliisimulia kwenye pombe, kwenye misiba, kwenye foleni. Dobi alinitafutia nguo nyingine za namna ile, na kwa miaka kadhaa nusu ya visu vya Mpanda vilibanwa na viuno vya wazungu. Niliwaambia wateja: kuna springi ya wiki, kuna springi ya mwaka, na kuna springi ya baba mkwe wangu, ambayo haijafunguliwa tangu niiweke. Mke wangu kila nilipoianza hadithi hiyo alikumbuka kitu jikoni. Nilidhani anaona aibu kwa sababu ya nguo ya ndani.

Mzee aliishi sana. Alipofariki tulimzika, siku zikatimia, ukoo ukakaa kugawa alivyoacha, na havikuwa vingi. Alikuwa ameagiza mwenyewe: mwavuli kwa binti, kisu kwa mkwe. Tukavibeba nyumbani. Asubuhi moja nikakaa kibarazani nikifungue kisu nikisafishe, mke wangu akiwa kando yangu anachambua mchele, mwavuli umeegemea ukuta.

Niling'oa ribiti, vijiti vya chuma vinavyobana mpini. Ya kwanza ilinishangaza, ilikuwa imegongwa kwa jiwe. Mimi sijawahi kugonga ribiti kwa jiwe. Nikafungua mpini, nikaitoa springi, nikaiweka kiganjani.

Haikuwa kile chuma bapa cha memsabu. Ilikuwa ubavu wa mwavuli, uliopondwa ukawa mpana kidogo, umekatwa vibaya, umesuguliwa kwenye mwamba. Kazi ya fundi wa porini kabisa. Nikaipinda, ikarudi. Nikaipinda tena, ikarudi.

Nikaufungua mwavuli. Nikahesabu mbavu. Moja haikuwepo. Haikuwa imevunjwa na upepo. Ilikuwa imechomolewa kwa ncha ya kisu, kwenye kiungo, kwa uangalifu.

Mke wangu hakuacha kuchambua mchele.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Mimi ndiye nilishika mpini, baba akagonga."

"Springi yangu ilidumu muda gani?"

"Mpaka Jumapili ya kwanza," alisema. "Wiki ya kwanza hakukiweka motoni hata mara moja. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe, sote tukawa tunakipita kwa heshima. Jumapili tukaenda misheni. Akaingia kanisani, akatazama ukutani, akaiona saa inatembea. Ilipiga saa tatu, watu wote wakasikia. Alicheka mpaka katekista akamkazia macho. Tuliporudi dago akakichomeka kisu kwenye makaa, na springi yako ikafa."

Miaka yote ile ya pombe na misiba na foleni ilipita mbele yangu mmoja mmoja, kila mwaka na mdomo wangu wazi.

"Halafu?"

"Halafu akanikalisha. Akaniuliza, huyu mwongo unamtaka? Nikasema namtaka. Akasema, kumbe alikuwa anakataza moto, si angesema tu. Akaenda akauchukua mwavuli."

Nilitazama bega la kitambaa kile kilichoporomoka. Nilimkumbuka mzee akipita mbele ya meza yangu Jumapili kwa Jumapili, analowa, mimi nacheka na wateja, naye anainua mkono kunisalimia, kidole nusu. Hakuwahi kuniweka motoni tena, wala kisu chake. Roho iliniuma, nikaona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza. "Miaka yote hii!"

"Ningekuambia wakati ule," alisema, akipeta mchele, "ungekuwa bado unaposa."

Niliirudisha springi ya mzee mahali pake, nikagonga ribiti kwa jiwe, kama alivyofanya yeye. Ninacho kisu hicho mfukoni sasa hivi. Na mwavuli nao tunao. Ndani ya kopo langu la vyuma kuna mbavu za mwavuli za kutosha kutengeneza miavuli kumi, na huu sijaugusa. Mvua ikinyesha tukiwa njiani, mke wangu anaushika yeye, na upande ulioporomoka ni wangu.